Betri bapa haionekani, mtoto anacheza kama kawaida: usisubiri choo

Dada uliyeuliza kuhusu rimoti iliyokutwa wazi na betri moja bapa, ile ya duara kama sarafu, haipo, na unahofia mtoto kaimeza: kama bado hujaipata, acha kusoma, mkimbize mtoto hospitali yenye eksirei. Haya mengine utayasoma baadaye. Wanaokuambia "itatoka na choo" wanadhani ni kama sarafu. Hata mimi nilidhani hivyo.

Wetu alikuwa na miezi 16. Mizani ya jikoni ilianguka, kifuniko kikafyatuka, betri ikapotea. Tukainua makochi, tukapekua chini ya friji, saa nzima ikaishia hapo, na mwenyewe yuko pembeni anacheka. Kilichotushtua ni mate kumdondoka mfululizo, kisha akakataa kula. Basi. Hakulia, hakukohoa. Wengine hawaonyeshi hata hayo.

Picha ilionyesha duara limekwama kwenye umio, yaani njia ya chakula kwenda tumboni. Daktari akatuelekeza tutazame ukingo wake: ulikuwa na mistari miwili, duara ndani ya duara. Sarafu haiwi hivyo.

Nilikuwa naamini hatari ni betri kupasuka na kumwaga sumu. Kumbe hata ikiwa nzima inaunguza. Ikibanwa kwenye umio wenye majimaji, umeme hupita, na upande wa hasi hutengeneza kemikali kali ya jamii ya zile za kuzibulia mabomba. Saa 2 zinatosha kuchoma vibaya. Iliyoisha nayo usiiamini; imeshindwa kuwasha rimoti, lakini umeme uliobaki unatosha kujeruhi. Za kuogopwa zaidi ni zilizoandikwa CR2032: upana milimita 20, unene 3.2 (ndiyo maana ya tarakimu zile), volti 3. Kwa upana huo, koo la mtoto mdogo haliipitishi kirahisi.

Usimtapishe, usimpe chakula wala kinywaji. Asali tu ndiyo inaruhusiwa, tena kwa aliyetimiza mwaka, anayemeza vizuri, na hazijapita saa 12 tangu aimeze betri: vijiko 2 vya chai kila dakika 10, mwisho mara 6, mkiwa njiani. Inapunguza makali, haitibu. Kama haipo nyumbani, usipoteze muda kuitafuta. Beba kifaa chenyewe au pakiti ya betri, wasome namba.

Yetu ilitolewa kwa kamera iliyopitishwa mdomoni, mtoto akiwa amelazwa usingizi. Nikashusha pumzi, mapema mno. Kidonda huweza kuendelea kuchimba hata betri ikishatoka, na damu ikaja wiki kadhaa baadaye. Tuliambiwa akitapika damu au akipata choo cheusi turudi mbio. Kwa wiki hizo kila nepi niliikagua mimi.

Kuhusu kuzuia: kifaa ambacho kifuniko chake hakina skrubu siku hizi sikinunui. Marekani walipitisha Sheria ya Reese mwaka 2022, yenye jina la mtoto aliyefariki baada ya kumeza betri kama hizi, ili vifuniko viwashinde watoto. Kagua pia funguo za gari, vipimajoto, mishumaa ya betri na kadi za salamu zinazoimba. Hizo kadi ndizo watu husahau kabisa. Ukibadilisha betri, ya zamani izungushie seloteipu pande zote mbili papo hapo, uiweke juu asikofika.

Na mtoto akiitia puani au sikioni, ni dharura ileile. Usimtie matone ya aina yoyote.