Antena za redio za mkononi: mmeuliza, nawajibu

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya antena za redio za mkononi, hizi simu za upepo za watu wa redio ya ridhaa, yaani wanaoongea redioni kwa kupenda tu, siyo kwa biashara. Inaonekana Baofeng, zile redio za bei chee, zimeingia mjini za kutosha na kila mtu keshachoka na kile kiantena kifupi kinachokuja kwenye boksi. Pengine ntajibu kwa mstari mmoja, pengine ntarefusha, mnivumilie.

Nina Baofeng UV-5R, naishi Tabata. Ninunue antena ndefu au niuze hii nichukue redio ya wati 8?

Antena kaka, achana na wati. UV-5R inatoa kama wati 4, ukienda 8 umeongeza desibeli 3 basi (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi), na alama moja kwenye mita ya anayekusikiliza inahesabiwa desibeli 6, kwa hiyo hela yote hiyo umenunua nusu alama. Halafu wati zinakusaidia kusikika tu, kusikia hazikusaidii, wakati antena inafanya kazi pande zote mbili. Ile fupi ya boksini ni waya uliosokotwa ndani ya raba ili ufupike, na mawimbi ya masafa ya megahezi 145 (MHz) yana urefu wa mita 2 na kidogo, robo yake inakaribia nusu mita, sasa hiyo nusu mita umeibana kwenye kitu kinachoenea kiganjani, lazima kuna kitu kinapotea hapo. Ukiweka ndefu, mtu uliyekuwa unamsikia anakatika katika utamsikia neno kwa neno. Ila yule ambaye ulikuwa humsikii kabisa kwa sababu yuko nyuma ya kilima, huyo antena ndefu haikuletei.

Nimenunua antena Kariakoo haiingii kwenye redio yangu, fundi anasema niongeze adapta.

Umechukua jinsia isiyo yake. Baofeng pini iko kwenye redio, kwa hiyo antena inatakiwa iwe na konekta ya aina ya SMA jike, yenye tundu katikati na nyuzi nje. Redio za Yaesu na Icom nyingi ni kinyume, antena ndiyo yenye pini. Rudisha ubadilishiwe kama bado unaelewana na muuzaji, adapta inafanya kazi lakini inanyanyua antena juu na kila ikigonga mlango nguvu yote inaenda kwenye kale kakonekta, siku moja kanalegea ndani ya redio, na hapo utamtafuta fundi wa kuchomelea ambaye hajawahi kufungua redio kama hiyo.

Nitajuaje kama antena ya Nagoya NA-771 niliyonunua ni orijino?

Kwa kuangalia tu ni ngumu, feki zake zimejaa dunia nzima na nyingine zimechapwa vizuri kabisa. Orijino ina urefu wa kama sentimita 39, nyembamba, inanesa. Ila mimi nembo hainishughulishi sana, kinachonishughulisha ni inafanyaje kazi. Tafuta mwenzako mwenye NanoVNA, kale kamashine kadogo ka kupimia antena, muangalie mstari wa nguvu inayorudi unashuka vizuri kwenye megahezi 145 na 435 tunazotumia au unashuka mahali pengine kabisa. Na hata hicho kipimo usikiamini asilimia mia, maana antena ya mkononi ikikaa kwenye mashine haipo kwenye redio wala haijashikwa na mkono, namba zitabadilika. Kipimo cha kweli ni kumtafuta mtu wa mbali, msimame palepale wote wawili, ubadilishe antena huku anakuambia ipi inasomeka zaidi. Kama fupi ya boksini inashinda basi umeuziwa fimbo.

Mimi ni mstaafu, nipo Kigamboni. Kijana mmoja kaniambia nifunge waya uning'inie kwenye redio eti antena itafanya kazi zaidi. Ni kweli au ananichezea?

Shikamoo mzee wangu. Hakuchezei, huyo kijana mshikilie. Tena hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri maana watu wanakimbilia kununua na dawa yenyewe ni kipande cha waya wa umeme.

Iko hivi mzee, antena ya aina hii ni nusu ya kitu, nusu ya pili inatakiwa iwe chini yake. Kwenye gari nusu ya pili ni bati la paa. Kwenye redio ya mkononi hakuna bati, kuna kabodi kadogo ka redio pamoja na mkono wako ulioishika, na kwa masafa ya 145 hiyo haitoshi, ni sawa na abiria wa daladala la saa kumi na mbili asubuhi, mguu mmoja ndani mwingine nje. Ndiyo maana ukiiweka mezani unaona inasikia vibaya kuliko ukiishika.

Kwa hiyo unachukua waya mwembamba, unaukata sentimita 49. Hesabu yake ni 7125 gawanya kwa masafa yako kwa megahezi unapata sentimita, ukitumia 435 inakuja kama 16 na nusu hivi. Lakini kama ni UV-5R kata tu huo wa 49, maana kwenye 435 unakuwa robo tatu ya wimbi na bado unafaa. Ncha moja menya, tengeneza pete au uichomelee kwenye washa nyembamba (ile duara ya chuma yenye tundu), ivalishe kwenye nyuzi za antena kisha uifunge antena kwenye redio ibane. Angalia mambo mawili, pete isiguse pini ya katikati, na isiwe nene mpaka antena ikashindwa kukaa sawasawa. Waya uachie uning'inie wima kuelekea chini, usiukunje ukauweka mfukoni.

Antena fupi ndiyo inayofaidi zaidi. Jaribu bila waya na ukiwa na waya na mtu wa ng'ambo, Magogoni au Posta huko, utanipa majibu mzee.

Nimeweka antena ndefu nipo ghorofani Kariakoo, sasa nasikia vibaya kuliko mwanzo! Kelele, vipande vya sauti za watu, redio inafunguka yenyewe.

Hujauziwa mbovu dada, redio yako imezidiwa. Hizi za bei chee hazina vichujio vya maana mbele, na mjini katikati kuna mitambo ya FM, minara, redio za walinzi, vyote vinapiga kwa nguvu, ukiweka antena nzuri unaviingizia redio vyote kwa pamoja na yenyewe inashindwa kuchagua. Hapo mjini rudisha fupi, ndefu iweke kwenye begi ya kwenda nayo Bagamoyo au milima ya Pugu ambako kumetulia. Kama unataka antena moja kila mahali basi itabidi hela ziende kwenye redio yenye kipokezi bora.

Na ukiongea ishike wima. Nawaona watu wameilaza kama wanakula mahindi (hapo ni kwa wote, siyo dada peke yake). Mwenzako antena yake imesimama, yako imelala, mnaweza kupoteza desibeli 20 bure, hakuna antena ya dukani itakayokurudishia hizo.

Nikipata antena kali naweza kutoka Dar nikaongea na rafiki yangu Zanzibar mjini moja kwa moja?

Tupige hesabu kwanza. Masafa haya yanakwenda karibu na mstari ulionyooka, na upeo wake kwa kilomita ni 4.12 mara kipeuo cha pili cha kimo cha antena yako kutoka usawa wa bahari kwa mita. Umesimama Coco Beach, redio ipo mdomoni, mita 1.5, upeo wako ni kilomita 5. Rafiki yako Forodhani naye 5. Jumla 10, na kutoka hapa mpaka mji wa Zanzibar ni kama 70. Hiyo tofauti haizibwi na antena ya aina yoyote. Ukipanda ghorofa ya kumi, tuseme mita 30, unapata 22 na nusu, bado. Mkitaka zikutane mnatakiwa kila mmoja awe juu kama mita 72, na hapo tena kwa wati 4 muwe na Yagi, zile antena za vyuma vingi zinazolenga upande mmoja, mmezielekezeana.

Kuna siku inatokea. Hewa ya moto ikilala juu ya hewa ya ubaridi ya bahari mawimbi yanajipinda yanafuata maji, yanafika mbali kuliko hesabu inavyosema. Asubuhi bahari imetulia kaa sehemu ya juu inayotazama maji ujaribu. Ila usimuahidi mtu saa.

Nyumba yangu Kimara ina paa zuri, nataka antena ya nje nishushe waya mpaka sebuleni. Waya wa antena wa RG-58, ule mwembamba, mita 10 unafaa?

Kwa 145 unavumilika, unapeleka wati 4 juu zinafika kama 2 na nusu. Kwa 435 zaidi ya nusu inaishia njiani, nunua RG-213, ule mnene, au fupisha waya. Wa TV, ule RG-6, wengi wanaudharau kwa sababu ni omu 75 badala ya 50 lakini kwa hasara ya njiani unaushinda RG-58 na hiyo tofauti ya omu redio inaivumilia, shida yake ni konekta tu. Halafu waya mnene usiuning'inize kwenye SMA ya redio, weka kipande chembamba cha kuunganishia hapo mwisho.

Mvua na chumvi ya pwani zinaua konekta kuliko kitu chochote, zungushia tepu halafu juu yake mpira wa tyubu ya baiskeli uufunge kwa kuvuta. Masika ikianza na radi, chomoa waya kwenye redio uutoe nje kabisa ya nyumba, usiuache umelala kwenye zulia ukasema umechomoa.

Nahitaji kibali kwa ajili ya antena?

Unahitaji leseni ya kurusha kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla hata ya hiyo antena, wenye leseni Tanzania wanapewa ishara za kuitwa zinazoanza na 5H. Redio hizi zinaweza kurusha kuanzia megahezi 136 mpaka 174 na 400 mpaka 480, humo ndani kuna watu wengine na kazi zao, wewe nafasi yako ni 144 mpaka 146 na 430 mpaka 440. Antena nzuri kwenye masafa yasiyo yako inakufanya ukamatwe mapema tu.

Ni kweli kituo cha anga ISS kinasikika kwa redio ya mkononi?

Kweli kabisa, kipo juu kama kilomita 400 na Dar kinapita. Ripita yake, mtambo unaopokea sauti na kuirusha tena, ikiwa imewashwa inashukia megahezi 437.800. Kikiwa kinakuja anza 437.810 halafu shuka kilohezi tano tano mpaka 437.790 kikiwa kinaondoka, kwa sababu ya ile kasi yake masafa yanasogea. Hapa tu ndipo sheria yangu ya kushika wima inavunjika, izungushe antena taratibu huku na huku mpaka sauti ikae. Una kama dakika 10, na toka nje, chini ya bati hupati kitu.