Niliosha nyanya kwa sabuni, corona ikanipatia mezani

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, mwanae ana mafua makali, kachungulia sufuria akaipigia chafya, sasa anauliza amwage chakula chote na maji ya kunywa? Nikacheka, halafu nikanyamaza, manake huyo ndo mimi wa 2020.

Yaani nilikua naosha kila kitu. Nyanya moja moja na sabuni ya vyombo, paketi nazifuta na klorini, na niliposikia kirusi kinaweza kukaa kwenye plastiki mpaka siku 3 ndo nikachizika kabisa. Mdogo wangu aliharisha, na hakuharisha corona, aliharisha sabuni yangu. Mpaka leo nyumbani naitwa Bwana Klorini na sicheki.

Halafu akaja shemeji anakohoa, eti vumbi tu. Madirisha tumefunga, meza moja, saa 2 nzima tunapiga stori. Siku 4 mbele mimi chali, nanusa chupa ya klorini nayo hainuki kitu! Na sahani yangu siku ile ilikua inang'aa.

Ndo nikaanza kusoma vizuri. Hivi virusi vya corona na mafua vinataka pua, koo na mapafu, vinasafiri na hewa anayotoa mgonjwa. Vina utando wa mafuta, sabuni ya mikono inauvunja, moto wa jikoni unaviua, klorini ya kwenye maji ya bomba pia, na vingi ukivimeza asidi ya tumbo inavimaliza. Vinavyopita kwenye chakula na maji ni kina norovirusi (kile cha kuhara na kutapika) na homa ya ini A, hao utando huo hawana na ni wagumu kufa. Mabaki ya corona kwenye maji taka yapo kweli, wataalamu wanayapima kujua ugonjwa umepanda au umeshuka, ila hayo ni mabaki. Maziwa mabichi tu ndo sitanii nayo, 2024 Marekani walikuta mafua ya ndege, H5N1, kwenye maziwa ya ng'ombe, kwahiyo chemsha.

Dada angu, chakula pasha moto mle, maji kunyweni. Ila fungua dirisha, mtoto akae mbali kidogo na wazee, na mboga osha na maji tu jamani, sabuni ni ya mikono! Watu wanaogopa sahani halafu wanamkumbatia anaekohoa, acheni hizo.

Shemeji hajaniomba msamaha mpaka leo. Anasema corona niliipata kwenye nyanya.