Siga si sigara: niliyojifunza kwa kutengeneza kisahani cha majivu hapa Mwanza

Meza ya kwanza kuungua ilikuwa ya mninga, na nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe. Mgeni wa hoteli moja hapa ufukweni, mzee mmoja mfanyabiashara aliyevuka kutoka Geita, aliilaza siga yake, lile msokoto nene la majani ya tumbaku, kwenye kisahani cha majivu nilichokabidhi siku mbili kabla. Akageuka kumwita mhudumu, upepo wa ziwa ukapita, siga ikabiringika hadi mezani. Ikabaki alama nyeusi, ndefu kama kidole. Meneja hakunifokea. Alinipigia simu akasema, "Fundi, njoo uone kazi yako." Heri angefoka.

Tangu siku hiyo nimetengeneza visahani vya namna hiyo zaidi ya ishirini, na mafundi wenzangu wameanza kuniuliza vipimo. Vipimo nitavitoa hapa bure kabisa. Ila ukivichukua bila kujua vimetokea wapi, mteja wako wa kwanza akija na siga nene kuliko niliyoipima mimi, utarudi kulekule nilikoanzia.

Kosa langu lilikuwa hili: nilichukua kisahani cha kawaida cha sigara, kile cha duara chenye vijipengo vitatu ukingoni, nikakikuza. Basi. Sigara ina unene wa kama milimita 8, mtu anaivuta dakika chache, anaiponda, yamekwisha. Siga (wazee wengine bado wanaiita biri) ni kitu kingine. Inakaa dakika 45, saa nzima, nyingine saa na nusu. Mvutaji anapiga pafu moja, anailaza, anazungumza, anaichukua tena baada ya dakika nzima. Na haipondwi. Ukimaliza unaiacha tu, inazimika yenyewe. Ukiiponda inatoa harufu ya kukimbiza watu. Kwa hiyo muda mwingi siga haiko mdomoni wala mkononi, imelala kwenye kazi yako. Kisahani cha sigara ni jalala. Cha siga ni kitanda.

Mimi sivuti, na mama yangu hadi leo hafurahii kazi hii. Ananiuliza kama hakuna watu wanaotaka vigoda. Lakini kutovuta kulinisaidia kwa namna moja: sikujidai najua. Nilimwomba meneja anikalishe pembeni jioni mbili, nikanunua soda, nikakaa na futi na daftari. Ushauri wangu kwa fundi yeyote anayepewa oda ya chombo asichokitumia ni huo. Kaa uone. Usimuulize mteja anataka nini tu, mwangalie mikono yake inafanya nini wakati akili iko kwenye maongezi.

Jioni hizo mbili niliona mambo ambayo hakuna aliyenieleza. Kwanza, upande wa mdomoni mtu hataki uguse chochote. Pale alipoweka midomo, hataki paguse mbao iliyopanguswa na kitambaa cha jikoni. Kwa hiyo siga lazima itokeze nje ya ukingo. Pili, majivu ya siga hayadondoshwi kwa kugongagonga kama ya sigara. Yanaachwa yakue, wakati mwingine hata sentimita mbili au zaidi, kisha mtu anaigusisha tu kwenye ukuta wa bakuli, kipande kizima kinadondoka. Ukuta huo ukiwa mfupi au umelala sana, hana pa kugusisha. Tatu, siga inafupika! Unacheka, lakini hili ndilo lililonigharimu mara ya pili, na nitalifikia.

Sasa unene. Siga hupimwa kwa namna ya ajabu kidogo: inchi moja inagawanywa mara 64, na unene wa siga unatajwa kwa hesabu ya vipande hivyo. Ile inayoitwa robusto ni 50, yaani karibu milimita 20, na urefu wake inchi 5. Corona ni 42 hivi, kama milimita 17. Churchill ni 47 kwa inchi 7. Na siku hizi kuna manene ya 60, karibu milimita 24, yanayojaza mdomo kama muhogo. Ukichonga mfereji wa duara unaoikaa sawasawa ile ya 50, ile ya 42 itacheza ndani na ya 60 itakaa juu ya kingo kama ng'ombe kwenye baiskeli.

Jibu ni mfereji wa umbo la herufi V. Kuta mbili zenye pembe mraba kati yake, kina milimita 12, upana wa juu milimita 24. Siga nyembamba inashuka chini zaidi, nene inakaa juu zaidi, lakini zote zinashikwa pande mbili tu na haziwezi kubiringika. Faida nyingine niliigundua baadaye: kwa kuwa zinagusa mistari miwili tu, jani la nje halikwaruziki wala halipati unyevu kama mtu amepangusa kisahani na kitambaa kibichi. Jani hilo ni laini, likipasuka siga imekufa.

Urefu wa mfereji ni milimita 75. Hapo nilipima nikafuta mara nyingi. Robusto ya milimita 127 ukiilaza, milimita kama 27 zinatokeza juu ya bakuli upande wa moto, 75 zimelala, 25 ziko nje upande wa mdomoni. Uzito uko katikati ya mfereji, haidondoki mbele wala nyuma. Mfereji wenyewe uinamishe kidogo kuelekea bakuli, milimita 4 au 5 kwa urefu wote huo. Ukizidisha, siga inateleza na kutumbukia. Mimi nilizidisha.

Turudi kwenye kufupika. Kisahani changu cha pili kilikuwa na mfereji mzuri wa mninga, nimeusugua kwa msasa hadi unang'aa, na bakuli la bati la alumini chini. Kikapendwa wiki mbili. Halafu kikarudishwa: mdomo wa mfereji, pale unapokutana na bakuli, umekuwa mkaa. Ni kwamba siga ikiliwa na moto hadi ikabaki kipande cha sentimita 6 au 7, mtu akiilaza bila kuangalia, moto unakuwa juu ya mfereji wenyewe. Ncha ya sigara inapovutwa hukaribia nyuzi 900, na mbao huanza kugeuka makaa hata kabla ya 300. Mninga ni mti mzuri lakini hauna miujiza. Tangu hapo milimita 30 za mwisho za kila mfereji nazivika kipande cha shaba ya njano kilichokunjwa kwa umbo lilelile la V.

Na lile bati la alumini? Nalo lilinisaliti. Alumini inapitisha joto haraka sana, zaidi ya mara kumi ya chuma kisichoshika kutu, na mimi nilikuwa nimeibandika moja kwa moja kwenye mbao kwa gundi nyeupe. Gundi ile ikipata joto inalegea. Bati likaanza kucheza, majivu yakaingia chini yake, harufu haitoki tena.

Nilikwenda Makoroboi. Asiyejua, ni pale katikati ya mji ambapo jina lenyewe limetokana na mafundi wa bati waliokuwa wakitengeneza koroboi, taa za mafuta za makopo. Kuna mzee mmoja pale ananikunjiaga shaba. Nikamsalimia, nikamwonyesha kisahani. Akakigeuza, akakinusa, akacheka. "Kijana wangu, umeibana mno. Chuma cha moto na mbao hawalali shuka moja. Waachie nafasi." Ndiyo hiyo tu. Bakuli lisiguse mbao isipokuwa ukingoni. Pembeni na chini pawe na hewa ya milimita 3 au zaidi.

Nikamwomba anifulie bakuli la shaba. Likawa zuri, ila bei yake ilikula faida yote. Siku moja nikiwa nakula wali samaki kwa mama ntilie pale Mwaloni, akaniletea kachumbari kwenye kibakuli cha chuma kisichoshika kutu, chenye ukingo mpana. Nikakimwaga kachumbari kwenye wali nikakipima hapohapo. Kipenyo chini ya ukingo: milimita 98. Mama ntilie aliniangalia kama nimeugua. Tangu hapo natoboa mbao shimo la milimita 104, kibakuli kinaning'inia kwa ukingo wake, hewa inabaki pembeni, na mhudumu anakinyanyua kukiosha bila kulowesha mbao. Kikipotea, kinanunuliwa kingine sokoni. Kwa maoni yangu sehemu inayochakaa katika chombo chochote iwe ile inayopatikana dukani, na fundi anayekataa hilo anapenda sifa kuliko kazi.

Upepo sasa. Sheria ya tumbaku ya mwaka 2003 imezuia uvutaji kwenye maeneo ya umma, isipokuwa palipotengwa, na hoteli nyingi za huku palipotengwa ni nje, kwenye majani au baraza inayotazama maji. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Na watu wa siga wanakaa hasa jua linapozama, wakati huohuo upepo unapobadilisha mawazo. Kisahani kifupi hapo ni balaa: majivu yanapaa, yanatua kwenye shati jeupe la mtu wa meza ya pili. Kina cha bakuli kisipungue milimita 30. Mimi naweka 35. Niliwahi kujaribu kuinua ukuta wa upande mmoja uwe kinga, nikaona wahudumu wanakiweka kinyume kila siku. Nikaacha. Uzito nao ni kinga, kwa hiyo siachi mbao ikawa nyembamba. Kila kisahani changu kikikamilika kinakaribia kilo moja.

Kuna walioniambia, si tuko mji wa mawe, chonga jiwe. Nilijaribu. Mawe haya ya itale wanaoyapasua kokoto huyawashia moto kwanza ndipo nyundo iingie, sasa wewe njoo na grinda yako ndogo uchonge mfereji wa milimita 12. Nilimaliza diski nne nikapata kitu cha kuzuia mlango. Ukitaka jiwe, tafuta lile laini la Kisii, linalochongwa Tabaka upande wa Kenya. Linakwanguka kwa kisu, joto halilisumbui. Likidondoka sakafuni, pole. Na ukitaka rahisi kabisa, udongo wa kuchoma. Bibi yangu kule Magu alikuwa mvuta kiko, na kiko chake kilipumzika kwenye kigae cha mtungi uliovunjika. Kigae kile kilidumu kuliko bibi.

Mpangilio wangu wa sasa: gogo la mninga urefu milimita 254, upana 170, unene 50. Mifereji miwili inatazamana, mmoja kila mwisho, bakuli katikati yake, ili marafiki wawili waliokaa uso kwa uso kila mmoja awe na upande wake. Upande uliobaki nachimba mtaro wa milimita 190 kwa 26, wenye kifuniko cha kuteleza, wa kuhifadhia siga ambayo bado haijawashwa. Hapo niseme wazi: ni pa kuihifadhi jioni moja, si wiki. Siga inataka unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 70, na kisahani si kabati lake. Mtaro huo usiupake chochote, na usiuchonge kwenye msonobari mbichi wenye utomvu au mkafuri. Siga inanyonya harufu kama maziwa yaliyowekwa karibu na vitunguu.

Kwa nje, vanishi niliacha; karibu na joto inafanya mapovu. Natumia mafuta ya kitani, tabaka tatu nyembamba, juu yake nta ya nyuki kidogo. Matambara uliyopakia mafuta hayo usiyakunje ukayatupa kwenye kona ya karakana, maana yanaweza kujiwasha yenyewe. Yatandaze nje yakauke. Na usipake usiku huku taa inawaka kama karakana yako iko karibu na maji. Wale wadudu wa ziwani wakija kama wingu, asubuhi utakuta umetengeneza kisahani chenye manyoya.

Ile meza niliipiga randa bila kudai shilingi. Alama ilipungua, haikuisha, na nikiendelea kupiga randa meza ingekuwa ubao wa chapati. Wiki iliyopita meneja amenipigia tena. Anataka visahani sita vingine, wageni wamevipenda, ila anaomba niongeze mahali pa kusimamishia simu. Nimemwambia nitakuja na futi nikae jioni moja kwanza.