Mdogo wako na hii kazi ya seli

Mkuu umesema mdogo wako kamaliza fomu siksi PCB (fizikia, kemia, baiolojia) anataka kusomea jinsi vitu vinavyosafiri ndani ya seli, na wazee wanamsukuma kwenye udaktari. Mi nipo kwenye hiyo kazi hapa Dar miaka kadhaa sasa.

Asitishwe na wanaosema hiyo sayansi ni ya mamashine ya bei mbaya. Randy Schekman kule Berkeley alianza na hamira, hii hii ya maandazi, ambayo ni viumbe hai vya seli moja moja. Yeye na mwanafunzi wake Peter Novick walitafuta hamira zenye kasoro ambazo kwenye nyuzi joto 25 zinaishi vizuri tu, ukizipeleka 37 zinashindwa kutoa protini nje, ukichungulia ndani unakuta vifuko vinavyobeba hizo protini vimerundikana. Kufika 1980 wakawa na jeni 23 zinazohusika na hiyo safari, na 2013 Schekman akapata Nobeli ya tiba pamoja na wanasayansi wenzake Rothman na Südhof.

Masta yangu nilifanya na hamira za aina hiyo. Sasa fikiria Dar mwezi wa pili, umeme umekatika usiku kucha, AC imezima, chumba joto, asubuhi nafungua sahani zangu za kuoteshea hamira, zile nzima zimeota kama kawaida, zenye kasoro hakuna kitu, wiki sita zimeenda. Nililia kwa kweli. Afu nikakaa nikazitazama tena, jeni moja tu imeharibika na seli nzima imeshindwa kuendelea, sijawahi kuelewa hilo somo kama siku ile.

Pesa nisikufiche, ajira nyingi ni za mradi, mkataba ukiisha unasubiri mwingine, mi nimeshakaa miezi minne bila mshahara na kodi ya nyumba inadai. PhD mara nyingi utaifuata nje. Hapo awe na moyo.

Ila hii kitu inatuhusu kuliko wazee wanavyodhani. Kimelea cha malaria kikiingia kwenye chembe nyekundu ya damu kinasafirisha protini zake mpaka kwenye ngozi ya hiyo chembe, ndo zinafanya inate kwenye mishipa, ikiwa ya ubongo mtoto anapoteza fahamu. Atakayejua kuizuia hiyo safari ataokoa watoto wetu, na kwa nini asiwe wa huku kwetu?

Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar) wana digrii ya baiolojia ya molekuli na bayoteknolojia, aangalie vigezo mapema. Akitaka kwanza aone hamira kwenye darubini ni-PM, nitaomba ruhusa aje Jumamosi moja.