Maswali ya basket: Stanford walikuwa mabingwa wa nini 1937?

SWALI: Jambo Papa. Hapa Himbi, Goma, tuko na mabishano na benzangu ku kiwanja. Mimi nilisoma kama Stanford njo ilikuwa bingwa wa basket ya vyuo vikuu vya Marekani musimu wa 1936-37, mwenzangu mumoja anasema niko mongo juu mashindano ya NCAA, ya vyuo vya taifa nzima, yalianza 1939. Nani ako na haki? Na tena juu ya nini zamani mechi zilikuwa zinaisha na pointi kidogo vile, 45-31, sisi tunafika pale mbele ya mapumziko. – Kijana wa Himbi

JIBU: Kijana, mko na haki wote wawili, njo maana mabishano haiishi. Msimu ule vyuo vikubwa havikuwa na mashindano ya taifa ya kuumalizia, timu zilicheza kwenye ligi za pande zao, mara moja moja wanapanda treni kwenda kucheza mbali, msimu ukiisha basi, wanarudi darasani. Taji la Stanford lilitoka kwa Helms Foundation, shirika la michezo lililoanzishwa Los Angeles mwaka 1936 na pesa za Paul Helms, tajiri wa kiwanda cha mikate, ndiyo mikate, usicheke. Mtu aliyeiendesha, Bill Schroeder, akapekua matokeo ya zamani akachagua bingwa wa kila msimu kurudi nyuma mpaka 1901. Yaani kuna timu zilipewa ubingwa wakati wachezaji wake wameshakuwa wazee na wajukuu. Mimi huyo namuita bingwa wa karatasi, ila kwa Stanford ya 1937 sibishi sana, walishinda mechi 25 wakapoteza 2 tu, na walikuwa na Hank Luisetti.

Huyo Luisetti umutafute. Wakati ule mtu akitaka kutupa anasimama, miguu chini, anashika mpira na mikono miwili kifuani ndipo anasukuma, yeye alikuwa anaruka huku anakimbia na anatupa na mkono mmoja. Tarehe 30 Desemba 1936 Stanford wakaingia ukumbi wa Madison Square Garden kule New York kucheza na Long Island University ya kochi Clair Bee, timu iliyokuwa imeshinda mechi 43 mfululizo, mbele ya watu zaidi ya 17,000. Ikaisha 45-31 kwa Stanford, Luisetti pointi 15, njo hiyo 45-31 yako. Kuanzia pale vijana wa Marekani wakaanza kutupa kwa mkono mmoja hata kama makochi wengi hawakupenda.

Sasa hizo pointi kidogo. Shida kubwa ilikuwa katikati ya kiwanja, juu kila kikapu kikiingia, kila kimoja, wote mnarudi kati, mwamuzi anatupa mpira juu na warefu wawili wanauruka upya. Hebu fikiria, umefunga, na kama uko na mrefu kuliko wao unaupata tena, unafunga tena, wale wengine wanangojea tu. Na mambo inasimama simama. Kochi Sam Barry wa chuo cha USC kule Los Angeles ni mmoja wa wale walioisemea mpaka ikatolewa, na kuanzia msimu wa 1937-38 timu iliyofungwa inachukua mpira chini ya kikapu chake na kuendelea, kama leo. Msimu huo huo, tarehe 1 Januari 1938, Luisetti akafunga pointi 50 peke yake dhidi ya Duquesne, mechi ikaisha 92-27! Sisemi ni sheria tu, na yeye mwenyewe alikuwa moto.

Fainali za kweli zikaanza pale pale. Waandishi wa michezo wa New York wakatengeneza NIT ya kwanza 1938, mashindano ya vyuo vya kualikwa, timu sita tu, Temple wakapiga Colorado 60-36. Kwenye hiyo Colorado kulikuwa na Byron White, ambaye 1962 alikuja kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka uliofuata ndiyo NCAA ya mwenzako, timu nane, Oregon 46 Ohio State 33.

SWALI: Mutoto wangu ni murefu sana, anasema masomo si kitu juu Kuminga wa huku kwetu hakusoma chuo kikuu. Ni kweli? – Mama wa Majengo

JIBU: Mama, kuhusu Kuminga hakudanganyi. Jonathan Kuminga, aliyezaliwa hapa Goma 2002, alipita timu ya vijana ya G League, ligi ndogo ya NBA, akachaguliwa NBA namba 7 kati ya wachezaji wapya mwaka 2021. Bismack Biyombo wa Lubumbashi naye namba 7, mwaka 2011, akitokea Hispania. Lakini mwambie pia Dikembe Mutombo, nyota wetu wa zamani wa NBA, alienda chuo cha Georgetown akitaka kusomea udaktari, na timu ya chuo ikamuchukua pale pale. Na huyo Kuminga alitoka hapa akiwa bado kijana mdogo akasoma sekondari kule Marekani, kwa hiyo daftari asiitupe kwanza.