Mwanangu, kuhusu ile springi

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Ujumbe wako wa Ijumaa nimeupata, nimemsomea na mama yako. Unauliza: ile bunduki ya upepo ya babu yako uitie springi kali zaidi, au uondoe springi kabisa uweke silinda ya gesi, maana ndege kwera wanaumaliza mtama wako huko Kasese na tumbili wameingia kwenye mahindi. Umeniandikia bei zote mbili na hata uzito wa risasi. Swali umelipanga vizuri.

Kwanza tumbili watoe kwenye hesabu. Risasi ya milimita 5.5 inayosukumwa na upepo haimwangushi tumbili. Inamtoboa tu, akafie kichakani siku ya tatu, na wenzake kesho asubuhi wako shambani. Tumbili ni kazi ya mbwa na watoto wa kupiga madebe, kama tulivyokuwa tukifanya kijijini Budondo. Wanabaki kwera, na kwera ni shabaha tu, hana haja ya nguvu. Bunduki hiyo ilivyo inampata kwera hatua ishirini ikiwa mshikaji ametulia.

Babu yako aliinunua mwaka 1966, Jinja, barabara kuu, dukani kwa Mhindi. Wewe ulimjua akiwa mzee wa kuota jua, hukumwona akiisafisha. Yule alikuwa mtu wa Keya, lile jeshi la Waingereza la King's African Rifles, batalioni ya nne, Burma 1944. Kule walipewa bunduki za 303, na kwenye kitako cha 303 kuna kijilango cha shaba. Ukikifungua unakuta kamba yenye kizito na kichupa cha mafuta. Kila jioni, mvua isinyeshe au inyeshe, anapitisha kitambaa mtutuni. Alikuwa akituonyesha kwa vidole vitupu, hana kamba wala bunduki, na sisi watoto tunaiona kamba inapita. Aliniambia bolti ya 303 imepigwa namba ile ile ya bunduki yake, kwa sababu ilisuguliwa ikae humo na si kwingine, na askari hakuruhusiwa kufungua zaidi ya pale alipofundishwa. Kilichobaki ni cha fundi wa silaha. Hapo ndipo alipokuwa akimalizia: kila chombo na kipimo chake. Nimekuambia maneno hayo tangu unasoma Walukuba, na nitakuambia tena leo.

Sasa mimi sikuyafuata. Mwaka ni 1998. Nilikuwa fundi kiwandani, nimebadilisha gia za mashine za kufumia mbili zikaenda vizuri kuliko zilivyokuja kutoka kwao, na mkono wangu ulikuwa umeota kiburi. Bunduki ilikuwa imechoka, hilo ni kweli, springi ya miaka thelathini na ushee imefupika. Ningetafuta ya kipimo kile kile. Badala yake nikapanda teksi hadi Katwe, kwa mafundi wa Kampala, nikamwambia fundi anisokotee ya waya mnene zaidi, na ndefu kwa vidole viwili. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Kosa si lake.

Nikaifungua usiku, mezani pale pale tunapolia chakula, umeme umekatika. Dada yako mkubwa alikuwa na miaka tisa. Nikamwita anishikie tochi. Springi ya zamani ilitoka kwa upole, kama mzee anayeshuka kitandani. Hiyo mpya ilitaka kubanwa kwa chombo maalumu cha kuibana polepole, kwa skrubu ndefu. Mimi nilikuwa na jiriwa ya kuazima kiwandani na kifua changu. Nikaegemea kizibo cha nyuma kwa kipande cha mbao, nikakizungusha, nyuzi za kwanza zikashika, au nilidhani zimeshika. Kikaruka. Kilipita kando ya sikio la dada yako, kikapiga ukuta nyuma yake, plasta ikabanduka kipande cha ukubwa wa kisahani cha chai. Tochi ilianguka, ikazimika.

Gizani nikasikia sauti yake: "Baba, nishike tena?"

Na mimi, mwanangu, nikamwambia shika tena.

Nimeyafikiria maneno hayo miaka yote hii. Kukosea kukaza kizibo kunampata fundi yeyote. Lakini nilikwisha kukiona kinachoweza kutokea, nimeona ukuta, na bado nikamsimamisha mtoto pale pale kwa sababu nilitaka kumaliza kazi usiku ule. Mara ya pili nyuzi zilishika.

Asubuhi nikaipeleka shambani. Nitakuambia ukweli, nilifurahi. Ililia kama bunduki ya kweli, moshi ukatoka mtutuni, na papai liliingia risasi huku ikatokea kule. Siku tatu nilitembea Budondo kama bwana shamba. Moshi ule ulipaswa kuniamsha, mimi niliyekuwa nikiwasha jenereta ya kiwanda kila umeme ukikatika. Dizeli haina plagi. Hewa ikibanwa kwa kasi inapata joto, mafuta yanawaka yenyewe. Nilikuwa nimepaka mafuta mengi mno ndani ya silinda, na springi kali ikayageuza injini. Ule mlio haukuwa nguvu ya springi peke yake, yalikuwa mafuta yanaungua na kuichoma wosha ya ngozi ya pistoni. Wosha ilipokwisha kuungua, nguvu ikarudi chini kuliko ya mwanzo.

Na shabaha ilikuwa imekwisha tangu siku ya kwanza, ila sikutaka kuona. Bunduki ya springi inarusha mara mbili. Pistoni ikienda mbele bunduki inarudi nyuma, kisha pistoni ikifika mwisho bunduki inavutwa mbele, na yote hayo risasi haijatoka mtutuni. Ukizidisha springi unazidisha hiyo vuta nikuvute. Darubini niliyokuwa nimeifunga juu, darubini nzuri ya bunduki ya baruti, imetengenezwa kuvumilia teke la nyuma tu. Siku ya pili msalaba wake ulikatika ndani ya kioo, nikawa naona uzi mmoja umelala upande. Risasi kumi kwenye ubao, hatua ishirini: zamani ningezifunika zote kwa kikombe. Sasa hata sinia lisingezifunika.

Jumamosi ndiyo ikawa mwisho. Nilikuwa nimevunja mtutu chini kuikoki, na kile kijino kinachoizuia springi kilikuwa kimesuguliwa kwa mzigo ambao si wake. Kikaachia mkono wangu ukiwa bado pale. Mtutu uliruka juu kama mtego, ukapinda. Vidole viwili vya mkono wa kushoto unavijua; kumbe hukuwahi kuuliza.

Babu yako alikuja jioni. Aliiinua bunduki, akachungulia mtutuni kuelekea dirishani, muda mrefu. Nilingoja anitukane. Akauliza jambo moja tu: "Nani alikushikia taa?" Mtoto alikuwa amekwisha kumwambia, alijua. Nikasema ni binti yangu. Akaiviringisha bunduki kwenye blanketi, akaondoka nayo. Siku chache baadaye aliirudisha. Mtutu ameunyoosha mwenyewe, sijui macho yale alitoa wapi, wosha mpya ya ngozi ameikata kwa mkono, na springi ni ile ile ya 1966. Hakulitaja tena jambo hilo hadi tulipomzika.

Hiyo ndiyo iliyomo ndani mpaka leo, springi ya 1966. Kwa hiyo unaposema imechoka siwezi kukubishia. Imechoka kweli. Kuibadilisha si dhambi, nisingependa unisikie nikisema hivyo. Springi mpya ya kipimo chake, iliyobanwa kwa chombo cha kuibania, na mtu anayejua, hiyo ni kumtunza mzee. Nguvu zaidi ni jambo jingine. Najua utaniambia gesi haichoki hata ukiiacha imekokiwa, na haina ule mtetemo. Ni kweli, wenye nazo wanazisifu. Lakini hata gesi ukiiweka ya kilo nyingi kuliko kijino cha kifyatulio kilivyochongwa, kijino ni kile kile, kilichosuguliwa na mikono yangu ya 1998. Kila chombo na kipimo chake. Tena nikijisikiliza naona ninazungumza kama mtu aliyeungua akamkataza mwenzake kupika. Wewe ni mhandisi, mimi nilikuwa fundi mwenye jiriwa ya kuazima. Huenda utaifanya vizuri. Mama yako anasema nikuache ufanye, bunduki ni yako, uliandikiwa kwa karatasi ya polisi na jina lako liko pale. Sawa. Basi sisemi usifanye. Nimelifuta sentensi hilo mara mbili katika barua hii, na silirudishi.

Ila nakuomba usubiri Idd. Dada yako anakuja na watoto wake. Njoo na bunduki, risasi ziache Kasese. Juu ya kabati, nyuma ya Kurani ya babu, kuna kopo la Kimbo. Ndani yake utakuta springi ya Katwe, bado ina mafuta. Iweke mezani mbele ya dada yako, mwambie unachotaka kufanya, kisha umuulize siku ile alikuwa amesimama wapi.

Mama yako anakusalimu. Mwambie mkeo unga wa ulezi umefika.

Baba yako