Utando wa seli ni mafuta, sasa maji yanapitaje? Jibu kutoka maabara ya damu

Mkuu mleta uzi, swali lako limezidi hizo notisi ulizopewa. Umesema mmefundishwa kwamba utando wa seli umejengwa kwa mafuta, halafu ukurasa huohuo unadai maji yanapita na chumvi inazuiwa. Mafuta na maji hayapatani, una haki ya kuuliza.

Mimi nashinda na damu maabara ya hospitali, kwa hiyo nakujibu kwa seli nyekundu. Ikishakomaa haina kiini wala mitokondria. Utando ilionao ni ule wa nje tu, hakuna cha kukuchanganya.

Chukua tyubu mbili. Moja tia maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yale ya dripu. Nyingine maji matupu yasiyo na chumvi kabisa. Dondoshea damu kidogo kila moja. Ya chumvi inabaki na ukungu mwekundu, na ukiiacha seli zinatuama chini. Ya maji matupu ukungu unapotea mara moja, inakuwa angavu kama juisi ya rosela, hata maandishi yaliyo nyuma ya tyubu unayasoma. Seli zimejaa maji, zimevimba, zimepasuka, na himoglobini yote imemwagika. Chumvi ikizidi, kinyume chake: zinanywea na kuota miba, hadubini inaonyesha vizuri sana.

Sasa hayo maji yaliingiaje? Fosfolipidi, yaani molekuli ya mafuta inayojenga utando, ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Ndani ya seli maji, nje maji, basi zinajipanga safu mbili, mikia ikielekeana katikati. Hata hilo liligunduliwa kwa damu: mwaka 1925 Gorter na Grendel wa Leiden, Uholanzi, walitoa mafuta ya seli nyekundu kwa asetoni, wakayatandaza juu ya maji, wakakuta eneo lake ni karibu mara mbili ya eneo la seli zenyewe. (Asetoni haikutoa mafuta yote, na eneo la seli nalo walilikadiria dogo. Makosa mawili yakafutana. Bahati ya namna hiyo naionea wivu.)

Maji kidogo hujipenyeza taratibu katikati ya hayo mafuta. Ila kasi unayoiona kwenye tyubu inatokana na mifereji ya protini iitwayo akwaporini. Peter Agre na wenzake kule Baltimore walikuwa wanachunguza Rh, ile chanya na hasi ya kundi lako la damu, wakakutana na protini ndogo ambayo hawakuwa wanaitafuta. Mwaka 1992 wakaonyesha kazi yake: mayai ya chura yaliyofanywa yaitengeneze, yakitiwa kwenye maji yenye chumvi kidogo, yalivimba na kupasuka ndani ya dakika chache. Yasiyo nayo yalitulia tu. Nobel ya kemia ikaja 2003. Tundu la mfereji huo ni jembamba mno, molekuli za maji zinapita moja nyuma ya nyingine, lakini ni mabilioni kwa sekunde.

Sodiamu na potasiamu, zile za kwenye chumvi, zina chaji ya umeme, mikia ya mafuta haizipitishi. Zinahitaji protini zao, na ya muhimu kuliko zote ni pampu inayotoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 kwa kila ATP moja (molekuli inayoipa seli nishati). Ndiyo maana potasiamu ndani ya seli nyekundu ni zaidi ya mara 20 ya ile ya plazima, majimaji ya damu yaliyo nje ya seli. Hapa ndipo tunapogombana na wodi kila siku. Damu ikivutwa kwa nguvu kwenye sindano nyembamba, seli zinapasuka, mashine inasoma potasiamu iko juu, na daktari anaweza kumtibu mgonjwa tatizo asilokuwa nalo. Ikilala kwenye friji bila kutenganishwa ni yaleyale, hata kama hakuna seli iliyopasuka: baridi inalemaza pampu, potasiamu inavuja. Tukiikataa sampuli tunaitwa wakorofi.

Kama shuleni kwenu damu hairuhusiwi, tumia ngozi ya kitunguu chekundu. Kwenye maji ya chumvi nyingi utaona utando unajibandua kutoka ukuta wa seli na rangi inakusanyika katikati. Kwenye maji matupu seli haitapasuka, ukuta wa selulosi unaizuia, kwa hiyo usije ukaandika kwenye ripoti kwamba umeiona ikipasuka.